Soma Kabla ya Kuosha: Niliyowaambia Mafundi na Wenye Pikipiki za Zamani

Jumamosi iliyopita niliitwa kuzungumza na mafundi, wanagenzi na wenye pikipiki za zamani katika gereji moja ya Kariobangi Light Industries, hapa Nairobi. Wengine walikuwa kazini wakakosa, na wameniomba niyaweke maneno yenyewe mahali wanapoweza kuyasoma. Nayaweka yote kama nilivyoyasema.

Wazee wangu, ndugu mafundi, vijana mnaojifunza kazi, na nyinyi wenye pikipiki mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa kwenye viti vya plastiki kusikiliza habari za vyuma: hamjambo? Asanteni kwa kuja.

Mbele yenu kuna meza, na juu ya meza kuna karai. Ndani ya karai ni matumbo ya BSA M20. Wazee mnaijua: pikipiki ya Uingereza, silinda moja, cc 496, pistoni, yaani kile chuma kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, ya milimita 82 inayosafiri milimita 94. Ilianza kutengenezwa 1937, na wakati wa Vita Kuu ya Pili kiwanda kilitoa takriban 126,000 kwa ajili ya majeshi. Hii ni ya mzee mmoja wa Limuru aliyeirithi kwa babake, na imelala kwenye banda la ng'ombe miaka mingi. Mnaona ilivyo chafu? Nimemkataza kila mtu kuiosha. Silinda yake peke yake ndiyo niliyoitoa, nikaisoma, nikaipiga picha, nikaitumbukiza kwenye ndoo ile ya mafuta ya taa tangu jana jioni. Hiyo ndoo tutairudia.

Nianze na swali. Mteja akikuletea injini ya zamani akasema, "Fundi, nifungulie, unisukie upya," amekuomba nini?

Nimesikia huko nyuma mtu akisema "spea". Hapana, ndugu yangu. Spea anaweza kuziagiza mwenyewe kwa simu akiwa kitandani. Amekuomba umwambie kilicho ndani. Kipi kizima, kipi kimechoka, kipi kimekufa, na kilichokiua ni nini. Kufungua kunataka spana na mkono. Kufunga kunataka kumbukumbu. Katikati ya kufungua na kufunga ndipo fundi anapopatikana, au anapokosekana.

Alinifundisha kazi mzee mmoja aliyestaafu kutoka karakana ya reli. Jiji hili lenyewe lilizaliwa 1899 likiwa kituo cha reli, na wazee wa karakana zile walikuwa na heshima kwa chuma ambayo siioni siku hizi. Siku moja tuliletewa BSA ya silinda moja, inanoki, yaani inagonga ndani. Mzee akatoka kwenda kunywa chai, akaniachia nifungue. Nilitaka kumfurahisha. Nikafungua, nikaosha kila kitu kwa petroli, nikapangusa, nikapanga juu ya gunia kama vyombo vya arusi. Vilimeremeta! Aliporudi alisimama akatazama, wala hakunigombeza. Aliniuliza swali moja: "Oili uliyomwaga iko wapi?" Nikamwonyesha mtaro. Akasema, "Umemwosha maiti kabla daktari hajamwona."

Tulipoteza siku tatu. Siku tatu tunapima kila kitu kutoka juu hadi chini, kwa sababu ushahidi ulikuwa umekwenda na maji ya mtaro. Mwishowe tuliupata ugonjwa kwenye bushi, ile pete ya shaba iliyo katika kichwa kidogo cha konrodi, yaani mkono ulioshika pistoni, pale inapopita pini ya pistoni. Bushi ilikuwa imelegea, inazunguka ndani ya konrodi, na tundu lake la oili halikutani tena na tundu la konrodi. Ilikuwa inajisaga yenyewe. Chembe za shaba zilikuwa kwenye ile oili niliyoimwaga. Zingetuambia dakika ya kwanza.

Ndiyo maana nasema, na nitarudia kabla hatujaondoka: soma kabla ya kuosha.

Unasomaje? Kabla hujagusa nati hata moja, mwaga oili kupitia kitambaa cheupe. Shati kuukuu linatosha. Iache ichuje polepole. Kisha chukua sumaku, hata ile ya spika iliyoharibika, uipitishe chini ya kitambaa. Kinachoifuata sumaku ni chuma: beringi, gia, kamshafti inayofungua valvu, ringi, zile pete za pistoni. Kisichoifuata, na ni cheupe na laini, ni alumini: pistoni au kava la injini. Kisichoifuata, na ni cha manjano, ni shaba: bushi. Unga mwembamba usiousikia kidoleni ni uzee wa kawaida, usikuogopeshe. Lakini ukiona vijiganda vinang'aa kama omena juani, hapo kuna beringi inayobambuka, na hata usipoisikia, ipo.

Msisahau kwamba nyingi ya pikipiki hizi za Uingereza hazihifadhi oili chini ya injini kama Honda zetu. Oili inakaa kwenye tangi lake, pampu inaipeleka injini na kuirudisha. Fundi akichuja ya injini akasahau tangi, amesoma nusu ya barua. Kwenye hii ya Limuru, chini ya tangi nilikuta matope mazito kama uji wa wimbi. Yako kwenye ule mkebe, nitawapitishia.

Halafu pistoni. Msiiguse kwa kisu kwanza, itazameni. Utosi wake ukiwa na masizi makavu meusi kama ya sufuria ya kuni, mchanganyiko ulikuwa na petroli nyingi mno. Na hapa Nairobi huo ni ugonjwa wa nyumbani. Tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi, na kabureta, inayochanganya petroli na hewa, ikiwa imepangwa kwa hewa ya Mombasa au ya Birmingham itamwaga petroli ambayo hewa ya hapa haiwezi kuichoma yote. Inayobaki inaosha oili ukutani mwa silinda, na ringi zinasugua chuma kikavu. Masizi yakiwa mabichi, yanang'aa kwa oili, basi oili inapanda kupitia ringi au inashuka kupitia valvu. Ukiona vidoti pembezoni mwa utosi kama vilivyochomwa kwa sindano, pistoni imepigwa na mlipuko uliokuja kabla ya wakati wake.

Sasa igeuze uitazame mbavuni. Alama za msuguano zinatakiwa ziwe sawa mbele na nyuma. Zikiwa za mshazari, juu upande huu na chini upande ule, pistoni inakuambia inasafiri imeinama, na anayeiinamisha ni konrodi iliyopinda. Ukishaisugua kwa brashi ya waya, habari hiyo umeifuta kwa mkono wako mwenyewe. Ni nani atakayekuambia tena?

Piga picha. Simu mnazo wote. Panga kila kitu kwenye trei za mayai, valvu ya kushoto na ya kushoto, ya kulia na ya kulia, kwa sababu vyuma vilivyosuguana miaka 40 vimezoeana, na ukivibadilishana unavianzishia ugomvi mpya.

La pili. Kidole hakina namba.

Kuna kijana wa boda aliyenijia na Honda CG125 ya babake, mwalimu mstaafu. CG ilitoka miaka ya 70, ikapewa kamshafti ya chini na vijiti vya kusukumia valvu badala ya cheni ya juu, ili ivumilie njia mbovu na huduma ya kubahatisha. Ndiyo mama wa injini nyingi za boda boda zinazopita hapo nje sasa hivi. Ya huyu kijana ilikuwa inatoa moshi wa buluu. Alikuwa ameshabadilishiwa ringi mara tatu. Mara tatu! Kila mara moshi unapotea wiki mbili, halafu unarudi. Nikamuuliza, fundi wako alipima nini? Akaniambia, "Alipitisha kidole ndani ya silinda, akasema iko laini."

Laini? Ndugu zangu, silinda iliyokwisha ndiyo laini kuliko zote. Nzima ina mikwaruzo myembamba iliyopishana kama msalaba, iliyowekwa makusudi ili ishike oili. Ikilika, mikwaruzo ile inafutika, inabaki kioo. Kidole kinapenda kioo. Ringi hazikipendi.

Sikilizeni inavyolika. Pistoni ikifika juu kabisa husimama kitambo kabla ya kurudi. Hapo moto ndio mkali, mgandamizo unazisukuma ringi ukutani kwa nguvu zote, na oili ni haba. Kwa hiyo silinda inalika zaidi juu kuliko chini. Tena konrodi inaposhuka ikiwa ya mshazari, inaibana pistoni mbele na nyuma. Kwa hiyo inalika zaidi mbele na nyuma kuliko kushoto na kulia. Baada ya miaka silinda haiko duara tena, imekuwa yai, na juu ni pana kuliko chini. Ringi mpya ni duara. Ukitia duara ndani ya yai, moshi utaisha?

Ndiyo maana silinda inapimwa mara sita: juu, katikati, chini, na kila mahali mara mbili, mbele-nyuma na kushoto-kulia. Mwenye geji ya ndani ya silinda ana raha. Asiye nayo, na najua wengi hapa hamna, nitawapa njia ambayo yule mzee wa reli alinipa. Chukua ringi moja mpya. Itie chini kabisa ya silinda, pale ambapo ringi hazifiki na chuma bado ni cha kiwandani, uinyooshe kwa kuisukuma na pistoni. Pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mianya. Kisha ipandishe karibu na juu, pale palipolika, upime tena. Kwenye ile CG, chini nilipata milimita 0.30, juu 0.93. Tofauti ni 0.63. Gawanya kwa 3.14. Unapata 0.20. Hiyo ndiyo milimita iliyoongezeka kwenye kipenyo.

Hapo hujakisia. Una namba. Na namba ya 0.20 kwenye silinda ya milimita 56.5 haiponi kwa ringi. Inataka kupanuliwa kwenye mashine na kutiwa pistoni ya saizi ya juu. Za Kijapani zinapanda kwa 0.25, 0.50, 0.75, hadi 1.00. Za Kiingereza huhesabiwa kwa elfu za inchi: 20, 40, 60. Kijana akaniuliza, "Fundi, si 0.25 inatosha, maana imelika 0.20?" Swali zuri sana hilo. Lakini silinda hailiki sawasawa pande zote, na mashine inahitaji nyama ya kukata ili irudishe duara kamili. Ikibaki 0.05 tu, kuna upande utabaki bila kuguswa. Tulikwenda 0.50.

Na jambo moja ambalo nawasihi: pistoni inunuliwe kwanza, ipimwe kwa maikromita, kisha silinda ipanuliwe kuifuata. Mashine inafuata pistoni. Nimeona silinda nzuri ikipanuliwa kwa saizi iliyoandikwa kwenye sanduku, kisha pistoni iliyotoka sandukuni ikawa nyembamba kuliko ilivyoandikwa. Silinda hairudi nyuma. Chuma kilichokatwa kimekatwa.

Hatukuishia hapo, kwa sababu bado hatukuwa tumejua nini kiliiua. Ringi zilizotoka zilikuwa na mistari ya wima kama zimepigwa msasa. Tukafuata njia ya hewa kwa tochi, na tukakuta mpira unaounganisha chujio na kabureta umepasuka upande wa chini, pasipoonekana. Vumbi la murram lilikuwa linaingia bila kubisha hodi. Yule kijana angetiwa pistoni ya dhahabu, bado vumbi lingeila. Mpira ule ulikuwa ndio spea ya bei ya chini kuliko zote tulizonunua siku hiyo.

Tuje kwenye krenki, ile ekseli inayozungushwa na konrodi, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa watu hupoteza injini nzima.

Wengi huishika konrodi wakaitikisa kushoto kulia, ikicheza wanatangaza msiba. Mchezo wa pembeni umewekwa na waliounda injini. Una kiwango chake, unapimwa kwa fila geji, lakini kuwapo kwake si ugonjwa. Unaokatazwa ni mchezo wa juu na chini. Peleka pini ya krenki juu kabisa, shika konrodi kwa mikono miwili, ivute juu, isukume chini, bila kuipindisha. Ukisikia hata mgongano mmoja mdogo, "tik", krenki hilo linataka kufunguliwa.

Na sasa, wapendwa, sasa ndio wakati wa kuosha! Oili nzito hujaza nafasi na kumdanganya fundi. Umeshausoma uchafu, umeshaupiga picha. Safisha kwa mafuta ya taa, kausha, ndipo uvute. Kila jambo na wakati wake.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nitawapa kisa cha Triumph Bonneville. Ile ni ya silinda mbili, cc 649, iliyoingia sokoni 1959. Ilikuwa ya bwana mmoja anayeishi upande wa Ngong. Ilikuwa imesukwa upya katika gereji ambayo sitaitaja, na kwa macho ilikuwa arusi: rangi, kromu, kava zimesuguliwa hadi unajiona. Ndani walitia beringi mpya za konrodi, zile za maganda mawili yanayoikumbatia pini. Akaenda nayo Naivasha. Wakati wa kurudi, akipanda mlima kutoka Mai Mahiu, konrodi ilikatika ikatoboa kava la injini. Ashukuriwe Mungu hakuanguka.

Nilipoifungua, pini ya krenki ilikuwa ya buluu kama wino. Chuma kikiwa buluu hivyo kimepata joto, na joto pale linakuja oili ikikosekana. Lakini pampu ilikuwa nzima. Tangi lilikuwa limejaa. Oili ilipotelea wapi?

Ndani ya krenki la Triumph, katika ile pini, kuna bomba dogo lililofichwa. Oili inayokwenda kwenye konrodi inapita humo kwanza. Krenki linapozunguka, uchafu mzito unatupwa nje kwa nguvu ya mzunguko na kunasa kwenye bomba, na oili safi inaendelea. Ni mtego wa matope, umeundwa kwa akili sana. Lakini mtego hujaa. Umezibwa kwa plagi ya skrubu iliyogongwa nukta ili isilegee, na bomba lenyewe limeshikwa na bolti moja ya gurudumu la krenki, kwa hiyo asiyejua hataliona, na anayejua anaweza kuona uvivu kulifungua. Kwenye ile ya Ngong, bomba lilikuwa limejaa tope gumu kama sabuni ya kipande. Nilichimba kwa msumari. Yaani waliifunga injini mpya juu ya uchafu wa miaka yote ile, wakabadilisha kila kinachoonekana, na kile kisichoonekana ndicho kilichoiua.

Mnaweza kusema hayo ni ya Waingereza. Vijana wa boda, nawauliza nyinyi. Ile CG125, na nyingi zilizozaliwa kutokana nayo, ina kikombe kinachozunguka na krenki upande wa klachi. Kazi yake ni hiyo hiyo: kunasa uchafu wa oili kwa mzunguko. Wangapi mmewahi kukifungua? Nyanyueni mikono. Naona mitatu. Katika watu wote hawa, mikono mitatu! Basi Jumatatu, kabla ya abiria wa kwanza, mna kazi.

Beringi za krenki na za giaboksi, zioshe, zikaushe, uzizungushe kwa mkono karibu na sikio. Usizizungushe kwa upepo wa kompresa. Mlio ule unafurahisha, lakini beringi kavu inayozungushwa kwa kasi ile inajikwaruza, na ikipasuka inaweza kukutoa jicho. Giaboksi lenyewe sitakaa nalo leo: tazameni meno yaliyobambuka ngozi ngumu ya juu, na tazameni zile kucha zinazoshikana gia zinapoingia. Zikiwa mviringo badala ya kona kali, ndiyo sababu gia inaruka.

Sasa valvu, na hapa kuna historia inayohusu jiji letu.

Injini hizi za zamani zilizaliwa wakati petroli ilikuwa na madini ya risasi. Yaligunduliwa Marekani mwaka 1921 kwamba yanazuia injini kunoki, na yakatiwa kwenye petroli ya dunia nzima. Ni sumu, yanaharibu ubongo, na zaidi ule wa watoto. Mwanzoni mwa 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeachana nayo, Kenya ikiwamo. Na Agosti 2021 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Gigiri, lilitangaza kwamba hakuna tena nchi inayouza petroli hiyo kwa magari. Algeria ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Karne nzima! Hakuna fundi mwenye mtoto anayeitamani irudi.

Lakini risasi ile iliacha utando mwembamba kwenye kikalio cha valvu, pale valvu inapokaa ikijifunga, ukakilinda. Bila utando, vikalio vya chuma cha kawaida, hasa cha valvu ya moshi, hupigwa na kuchimbika kidogo kidogo, na valvu inazama. Dalili yake ni hii: ule mwanya wa valvu unaoupanga leo, kesho umepungua wenyewe. Ukiona mteja analalamika kwamba kila mwezi valvu zinabana, usimpangie tu na kumrudisha nyumbani. Toa valvu, tazama imekaa kina gani. Tazama kikalio kama ni pete iliyopachikwa au kimekatwa kwenye chuma chenyewe. Kisha rudisha valvu mahali pake, mimina mafuta ya taa, subiri. Yakipenya, hapafungi. Pima na shina la valvu juu, katikati na chini, kwa sababu hulika pale linaposuguana na bomba lake, na ukishika juu tu utapata namba ya uongo. Springi uzilinganishe urefu na mpya. Ya zamani hufupika bila kuonekana imevunjika.

Na mpya nazo zipimwe. Nimeshatoa valvu mpya ndani ya plastiki yake, nikaiviringisha juu ya kioo, ikayumba. Ilikuwa imepinda tangu ilikotoka. Klipu za pini ya pistoni, zile zisirudiwe kamwe, hata zikionekana nzima. Ni kitu cha senti chache, na ikichomoka inachora mfereji kwenye silinda uliyoilipia maelfu.

Nyinyi wenye pikipiki, neno lenu ni fupi. Mkiniletea injini au mkimpelekea mwenzangu yeyote hapa, dai vitu viwili: vyuma vyako vya zamani kwenye mfuko, na karatasi yenye namba. Silinda ilikuwa ngapi, imekuwa ngapi. Pini ya krenki ngapi. Mwanya wa ringi ngapi. Fundi anayenunua spea kabla ya kupima anapiga ramli kwa pesa zako. Na fundi anayepima atafurahi kuulizwa. Msione haya kumuuliza.

Haya, turudi kwenye ndoo.

Kwenye M20 valvu hazikai kwenye hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda. Zinakaa pembeni, ndani ya chuma cha silinda yenyewe. Kati ya kikalio cha valvu ya moshi na tundu la pistoni kuna ukuta mwembamba, upande mmoja moto, upande mwingine moto. Nyufa hupenda pale, na nyufa za mwanzo jicho halizioni. Karakana za reli zilikuwa na njia yao kabla ya mashine zote hizi. Chuma hulowekwa kwenye mafuta ya taa usiku kucha. Kinatolewa, kinapanguswa hadi kikauke kabisa. Kisha kinapakwa unga wa chaki, mweupe wote. Kama pana ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka polepole, yatalowesha chaki, na mstari utajichora wenyewe mbele yako. Yule mzee alinionyesha mara ya kwanza kwenye mkono wa krenki, na nilipoona ule mstari unatokea juu ya chuma nilichoapa ni kizima, sikuweza kusema neno.

Silinda ya mzee wa Limuru sijui kama ina ufa. Sijaipima, nimewasubiri nyinyi. Ipanguseni kwa kitambaa kikavu, wawili mshike, ni nzito. Wazee mkae mbele muone vizuri. Wewe binti wa ovaroli, chukua hiyo chaki, anza upande wa valvu ya moshi.